Kinga ya mbwa na paka Dodoma: mizani, kalenda na sindano

Dawa za mbwa na paka zinapatikana Dodoma mjini bila shida kubwa, na bado watoto wa mbwa wanakufa kwa parvo (ugonjwa wa virusi unaoleta kutapika na kuharisha damu), kwa minyoo na kwa magonjwa ya kupe. Sababu zinazojirudia ni mbili: dozi za kukisia kwa macho, na chanjo inayoanzwa vizuri kisha ikaachwa njiani. Mwongozo huu unamhusu mwenye mbwa wa ulinzi Nkuhungu, mwenye paka wa ndani Area D, na mfugaji wa Chamwino au Kongwa ambaye mbwa wake hulala zizini na mbuzi.

Kama hela ni ndogo, ipange hivi: chanjo ya kichaa cha mbwa kwanza, kisha dawa ya minyoo, kisha chanjo za mchanganyiko kwa watoto, kisha kupe, kisha kuhasi. Shampuu yenye manukato na mkanda wa shingoni wenye nakshi vije mwisho kabisa, au visije.

Mpime kabla ya kununua chochote

Mizani ya bafuni inatosha. Panda peke yako, andika uzito. Panda tena ukiwa umembeba mbwa, kisha toa. Ukiwa kilo 64 peke yako na kilo 81 ukiwa naye, mbwa ana kilo 17. Paka mweke kwenye kikapu chenye mfuniko na ufanye hesabu ileile. Mbwa mkubwa asiyebebeka mpeleke kwenye mizani ya kupimia magunia, atulizwe kwa kipande cha nyama. Mtoto wa mbwa apimwe kila wiki, kwa sababu anakua haraka kiasi kwamba dozi iliyomtosha wiki mbili zilizopita leo haimtoshi.

Akiwa mkononi mwako, mkague. Pitisha vidole ubavuni: mbavu zihisike kwa urahisi bila kuchomoza machoni. Inua mdomo, bonyeza fizi kwa kidole, achia. Rangi ya waridi inatakiwa irudi ndani ya sekunde 2. Fizi nyeupe kama karatasi maana yake damu imepungua, na kwa mazingira ya huku washukiwa wa kwanza ni kupe na minyoo ya safura. Joto la kawaida la mbwa na paka ni nyuzi 38 hadi 39.2, likipimwa kwa kipimajoto kilichopakwa mafuta na kuingizwa njia ya haja kubwa. Pua kavu haisemi lolote, hasa Oktoba upepo mkavu unapovuma.

Minyoo

Mtoto wa mbwa huzaliwa tayari na minyoo. Viluwiluwi vya minyoo ya mviringo humpitia tumboni mwa mama, na vya safura humfikia kwa maziwa. Ndiyo maana kusubiri hadi afikishe miezi miwili ni kuchelewa. Mpe dawa akiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6, kisha kila miezi 3 maisha yake yote. Mama apewe siku ileile wanayopewa watoto. Watoto wa paka huanza wiki ya 3, kwa kuwa wao huambukizwa zaidi kwa maziwa, wakarudia kila wiki 2 hadi wiki ya 9 au ya 10.

Kwa watoto wadogo dawa salama ni pairanteli, au fenibendazoli kwa miligramu 50 kwa kila kilo, siku 3 mfululizo. Hizi hazigusi tegu ipasavyo. Kwa mbwa mkubwa nunua tembe za mchanganyiko zenye prazikuanteli ndani yake. Nyingi hutengenezwa kwa kipimo cha tembe moja kwa kilo 10, na za paka tembe moja kwa kilo 4. Mbwa wa kilo 17 atapata tembe moja na robo tatu. Kata kwa wembe, usivunje kwa meno. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele vimegandia manyoya ya mkundu, hiyo ni tegu inayoletwa na viroboto. Dawa ya minyoo peke yake itafanya kazi wiki chache tu hadi viroboto nao waondolewe.

Mfugaji wa mbuzi na kondoo ana sababu ya ziada. Mbwa akila maini au mapafu yenye mavimbe ya maji anapata tegu mdogo sana ambaye mayai yake, yakiingia kwa binadamu kupitia mikono au mboga, hujenga mavimbe hayohayo ndani ya ini la mtu. Mbwa akila ubongo wa kondoo au mbuzi aliyekuwa akizunguka-zunguka na kugonga kuta, anaendeleza ugonjwa huo wa kuzunguka-zunguka, unaoletwa na tegu wa aina nyingine, zizini mwake. Basi mnyama akichinjwa nyumbani, viungo vyenye mavimbe vichomwe au vizikwe kwenye shimo refu ambalo mbwa hawezi kufukua. Vinavyokwenda kwa mbwa vichemshwe walau dakika 40 tangu maji yaanze kutokota. Mbwa anayezunguka machinjioni au mnadani apewe prazikuanteli kila wiki 6 badala ya kila miezi 3.

Kuna makosa mawili ya dukani. La kwanza ni kumnyweshea mbwa albendazoli ya chupa iliyobaki kwenye mbuzi. Kwa mbwa na paka inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. La pili ni sindano ya ivamektini ya ng'ombe. Ile ya asilimia 1 ina miligramu 10 kwa kila mililita, na kwa ng'ombe mililita moja ni ya kilo 50. Kwa kipimo hichohicho, mbwa wa kilo 15 angehitaji mililita 0.3. Mtu anayevuta 3 kwa kutosoma nukta amempa mara kumi: mbwa anapepesuka, mboni zinapanuka, udenda unatoka, haoni, kisha anazimia. Mbwa wa aina ya koli (mbwa wa kuchunga kondoo) na machotara wao wanaweza kufa hata kwa kipimo cha kawaida. Zaidi ya hapo, ivamektini haiui tegu kabisa. Ina kazi zake, kwa mfano kwenye ukurutu, lakini iwe mkononi mwa daktari.

Chanjo: kwa nini moja haitoshi

Maziwa ya kwanza ya mama hubeba kinga. Kinga hiyo humlinda mtoto, ila pia huiua chanjo kabla haijafanya kazi. Inapungua polepole, na haipungui siku moja kwa watoto wote. Mmoja inamwisha wiki ya 8, ndugu yake wa tumbo moja wiki ya 14. Kwa kuwa huwezi kuiona, unachanja mara kadhaa ili mojawapo ikute mlango wazi. Aliyechanjwa mara moja akiwa na wiki 6 na kuachwa hapo anaweza kuwa hana kinga yoyote ya parvo, ingawa kadi yake ina muhuri. Hapa ndipo watu wengi hupoteza mbwa wakidhani chanjo ilikuwa feki.

Ratiba ya mtoto wa mbwa ni hii: chanjo ya mchanganyiko (distempa, yaani ugonjwa wa virusi unaoshambulia mapafu na neva, homa ya ini ya mbwa, parvo, na mara nyingi homa ya mgunda) wiki ya 8, ya 12 na ya 16. Ukimpata mapema, anza wiki ya 6 na urudie kila wiki 3 hadi 4, lakini ya mwisho lazima iangukie wiki ya 16 au baada ya hapo. Kichaa cha mbwa achanjwe wiki ya 12. Zote zirudiwe baada ya mwaka mmoja. Kutoka hapo kichaa na homa ya mgunda ni kila mwaka, na distempa na parvo zinaweza kwenda hadi miaka 3 kama mzunguko wa kwanza ulikamilika. Homa ya mgunda ndiyo ile iliyozuka kwa watu mkoani Lindi mwaka 2022. Inasambazwa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, na mbwa anayekunywa madimbwi ya masika yuko hatarini hata huku kwenye ukame.

Paka hupata chanjo ya mchanganyiko wa aina yao, inayokinga parvo ya paka na mafua mawili makali, kwa ratiba ileile ya wiki 8, 12 na 16. Kichaa wiki ya 12. Paka wa ndani asiyetoka naye achanjwe kichaa, kwa sababu mnyama mwenye kichaa huweza kuingia, na sheria za kumsafirisha hazimwachi.

Kabla ya sindano, uliza mambo matatu bila aibu. Chanjo imetoka kwenye friji? Joto lake linatakiwa liwe kati ya nyuzi 2 na 8; umeme ukikatika usiku kucha bila jenereta, au kichupa kikigandishwa kwenye friza, kazi imeharibika ingawa maji yake yanaonekana safi. Lebo ina tarehe gani ya mwisho? Na namba ya toleo ibandikwe kwenye kadi yako pale pale. Chanjo ya mchanganyiko huja kama unga unaochanganywa na maji yake. Ikishachanganywa itumike ndani ya nusu saa, si kubebwa mfukoni hadi nyumba ya tatu. Mtaalamu anayekuja kwako kwa bodaboda jua la mchana aje na kiboksi chenye barafu, na vichupa visiguse barafu moja kwa moja.

Mbwa mwenye homa, anayeharisha au aliyejaa minyoo asichanjwe siku hiyo. Toa minyoo siku 7 hadi 10 kabla. Baada ya sindano kaa naye dakika 20 hadi 30: uso ukivimba, akitapika au akidondoka, hiyo ni mzio na inahitaji sindano nyingine papo hapo. Uvimbe mdogo mahali pa sindano huisha wenyewe ndani ya wiki mbili.

Hadi wiki moja baada ya chanjo ya wiki ya 16, mtoto wa mbwa asikanyage barabarani wala uwanja ambao mbwa wengine hujisaidia. Parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi. Kama mbwa alikufa kwa parvo uani kwako, usilete mwingine asiyechanjwa. Zoa kinyesi, osha sakafu kwa sabuni, kisha pitisha jiki mililita 50 kwenye lita moja ya maji, iache dakika 10 ndipo usuuze. Kwenye udongo jiki haifiki mbali. Hapo dawa ni jua kali, muda, na mtoto aliyemaliza chanjo zake zote.

Kampeni za chanjo ya kichaa mara nyingi hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Afisa mifugo wa kata ndiye anayejua siku na mtaa. Peleka mbwa wote, pamoja na watoto walio chini ya miezi mitatu. Hao watarudiwa wakifika umri, lakini kuwaacha nyumbani ni kuacha pengo, maana ili ugonjwa ukatike mtaani inatakiwa mbwa 70 kati ya 100 wawe wamechanjwa. Mfunge kamba imara shingoni, ashikwe na mtu mzima anayemjua. Kumtuma mtoto wa miaka minane aje na mbwa watatu ndiko kunakozaa majeraha kwenye foleni.

Mbwa akiuma, au akibadilika tabia

Kichaa kikishaonyesha dalili hakitibiki, si kwa mbwa wala kwa mtu. Dalili si kutoa povu tu. Mbwa mpole anakuwa mkali au mkali anakuwa mtulivu wa ajabu, sauti inakuwa ya kukwaruza, anatafuna mbao na mawe, taya linalegea na hawezi kumeza. Mwenye mbwa akimwona hivyo hudhani mfupa umemkwama kooni, akaingiza mkono mdomoni. Usiingize mkono. Mfungie alipo, wapigie afisa mifugo na daktari.

Mtu akiumwa au kukwaruzwa, au mate ya mbwa yakimgusa kwenye kidonda, jichoni au mdomoni:

1. Osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Tazama saa. Kama bomba halitoi, mwingine amimine maji kwa jagi.
2. Paka spiriti au ayodini. Chumvi, pilipili, mafuta ya taa na majivu visiguse hapo.
3. Nenda hospitali siku hiyohiyo, si kesho, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ana kadi. Majeraha ya kutoboka huhitaji pia dawa ya kinga iliyo tayari, inayochomwa ndani ya jeraha lenyewe. Maliza sindano zote ulizopangiwa.
4. Mbwa anayejulikana asiuawe. Afungiwe siku 10 chini ya uangalizi wa afisa mifugo. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa akitoa virusi siku alipouma. Akifa au ikibidi auawe, asipigwe kichwani, kwa kuwa ubongo ndio unaopimwa maabara.

Mbwa wako aliyechanjwa akiumwa na mbwa asiyejulikana au fisi, aoshwe jeraha hivyohivyo ukiwa umevaa glovu, kisha arudiwe chanjo mara moja. Ng'ombe, mbuzi na punda nao hupata, na punda anayekabwa au kuuma vitu hovyo asichunguzwe mdomo kwa mkono mtupu.

Kupe, viroboto na funza

Mvua za Dodoma huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na kupe wa porini huongezeka nazo. Anza kinga katikati ya Novemba, kabla majani hayajaota. Ila kupe wa kahawia wa mbwa hajali msimu: anaishi ndani ya banda na nyumba, anapanda kuta, na jike mmoja aliyeshiba hutaga mayai yanayofikia maelfu kwenye ufa wa ukuta. Ukiona kupe wakitembea kwenye dari ya veranda, tatizo limeshahama kutoka kwa mbwa kwenda kwenye nyumba. Huyu ndiye hueneza homa mbili zinazoua mbwa huku: moja huharibu chembe za damu hadi mkojo unakuwa rangi ya kahawa, nyingine hushusha chembe za kugandisha damu, mbwa akatokwa damu puani. Akikosa hamu ya kula na joto likapita 39.5, apimwe damu mapema. Tiba ya homa ya pili ni doksisaiklini kwa takriban siku 28, na wengi huiacha siku ya saba mbwa anapoanza kula.

Kagua kila siku msimu wa mvua, na usipitishe mkono mgongoni tu. Angalia ndani ya masikio, kati ya vidole vya miguu, kwapani, chini ya mkia na chini ya mkanda. Kupe mmoja mmoja ang'olewe kwa kibanio, umkamate karibu kabisa na ngozi, uvute polepole moja kwa moja. Usimpasue kwa kucha, wala usimchome kwa kiberiti.

Dawa rahisi zaidi kutumia kwa usahihi ni tembe za kutafuna na matone ya mgongoni, kwa sababu zinakuja zimepangwa kwa uzito. Bei yake inaumiza, hivyo wengi hutumia amitrazi ya kuogeshea. Kwa ile ya asilimia 12.5, kipimo cha kawaida kwa mbwa ni mililita 2 kwa lita moja ya maji, yaani mililita 10 kwa lita 5; soma lebo ya chupa uliyo nayo. Pima kwa bomba la sindano. Kofia ya chupa si kipimo, na ndiyo chanzo cha sumu nyingi. Muogeshe kwanza kwa sabuni ya kawaida, akauke kidogo, vaa glovu, mpake dawa kwa sponji kuanzia shingoni hadi vidoleni, ukiepuka macho, kisha usimsuuze. Akauke kivulini, asijirambe. Maji yaliyobaki tumia kunyunyizia nyufa za banda, yasimwagwe karibu na kisima. Rudia baada ya wiki 1 hadi 2. Isitumike kwa watoto chini ya miezi 4, mbwa mgonjwa au mwenye mimba. Akilala kupita kiasi na mapigo kuwa polepole, amezidishiwa.

Paka ni suala jingine kabisa. Amitrazi na dawa zote zenye pemethrini, zikiwemo matone ya mbwa na dawa nyingi za kupulizia mbu na kupe, humtetemesha paka hadi kufa. Hata kulala karibu na mbwa aliyepakwa matone hayo leo kunaweza kumdhuru. Kwa paka omba bidhaa iliyoandikwa paka, ya fiproni au ya kundi jipya la matone, kwa kilo zake. Usigawe pipeti ya mbwa mkubwa katikati.

Viroboto unaowaona kwa mbwa ni sehemu ndogo. Mayai na viluwiluwi viko kwenye vumbi, mkeka na gunia analolalia. Fua matandiko kwa maji ya moto kila wiki, fagia banda na uchome takataka. Kiangazi huleta funza kwenye vumbi la banda: angalia nyayo zikiwa na doa jeusi lililozungukwa na weupe, mbwa akitembea kwa kuchechemea. Watolewe kwa sindano safi na jeraha lipakwe ayodini, kisha mwagilia sakafu au, kama uwezo upo, isakafiwe kwa saruji.

Chakula, maji na sumu za huku kwetu

Ugali mtupu unamshibisha mbwa na kumdhoofisha. Kwa sufuria ya ugali wa kilo moja, changanya walau robo kilo ya dagaa waliolowekwa kuondoa chumvi, au utumbo na damu iliyochemshwa, pamoja na mafuta kidogo ya alizeti. Mifupa iliyopikwa hupasuka kama misumari, ya kuku ndiyo mibaya zaidi. Paka hawezi kuishi kwa ugali na maziwa: anahitaji nyama, samaki au maini kila siku, la sivyo moyo na macho yake huharibika taratibu.

Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kumtupia mbwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na ini la mbwa ni dhaifu kuliko la mtu mbele ya sumu hiyo. Dalili huonekana baada ya siku au wiki: anakataa kula, anatapika, macho na fizi vinakuwa vya njano. Karanga na mashudu yaliyolowa vihesabiwe vilevile.

Zabibu ndiyo sumu ambayo huku inasahauliwa, pengine kwa sababu imetuzunguka. Kiasi kidogo, mbichi au zilizokaushwa, kinaweza kuzima figo za mbwa, na hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama kwa kila mbwa. Shamba la zabibu lenye mbwa wa ulinzi liwe na utaratibu wa kuokota zilizoanguka, na machicha ya kiwanda cha mvinyo yasimwagwe alipo. Akila, apelekwe kutapishwa ndani ya saa mbili. Ukisubiri dalili, umeshachelewa. Vitunguu navyo huvunja chembe za damu. Na tembe moja ya parasetamoli inatosha kumuua paka. Dawa za maumivu za binadamu, diklofenaki ikiwemo, ziwekwe mbali na wote wawili.

Maji: mililita 60 kwa kilo kwa siku, mara mbili wakati wa joto. Mbwa wa kilo 17 anataka lita moja hadi mbili, kwenye chombo kizito kivulini. Mbwa aliyefungwa mnyororo juani Oktoba anaweza kufikia nyuzi 41 ndani ya muda mfupi. Mmwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpepee, muwahishe kwa daktari; barafu ngozini hufunga mishipa na kuzuia joto kutoka. Akitemewa na swila machoni, suuza kwa maji mengi dakika 15 kabla ya jambo jingine lolote.

Kuhasi

Mbwa jike aanze miezi 6, paka jike miezi 4 hadi 5, kwa kuwa paka anaweza kushika mimba akiwa bado na sura ya mtoto. Mimba zote mbili ni kama siku 63. Jike aliyetolewa kizazi hapati usaha wa tumbo la uzazi, na dume aliyehasiwa hazunguki kutafuta jike, ambako ndiko anakopata uvimbe wa sehemu za siri unaoambukizwa kwa kupandana. Uvimbe huo hutibika kwa sindano za kila wiki, ila ni ghali. Jike akiwa kwenye joto la kutafuta dume au amelimaliza karibuni, subiri miezi 2 hadi 3.

Chagua daktari aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari, na umwulize kuhusu usingizi na dawa ya maumivu. Kuhasi kwa kamba na wembe bila usingizi ni ukatili unaokatazwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mbwa mzima asile saa 8 hadi 12 kabla, maji aache saa mbili kabla; watoto wadogo wasifungishwe muda mrefu. Nyumbani kagua kidonda asubuhi na jioni. Asilowe, asiruke, asilambe. Kizuio cha kulamba unaweza kukitengeneza kwa ndoo ndogo ya plastiki iliyokatwa kitako, kingo zikazungushiwa kitambaa. Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi 14. Usaha, harufu, au utumbo kuonekana: rudi siku hiyohiyo.

Kadi

Kila mara andika tarehe, kilo, jina la dawa, kiasi na namba ya toleo. Piga picha kadi na uitume kwa mtu mwingine wa nyumbani, kwa sababu kadi huliwa na mchwa au hulowa. Ukitaka kumsafirisha nje ya mkoa utahitaji kibali cha afisa mifugo, na chanjo ya kichaa iwe imefanywa mapema kabla ya safari. Kwa anayekwenda nje ya nchi maandalizi huanza miezi kadhaa kabla, maana nchi nyingine hudai kipimo cha damu cha kuthibitisha kinga na kifaa cha utambulisho chini ya ngozi, na kifaa hicho kiwekwe kabla ya chanjo, si baada yake.